Bafu la Kumpokelea Padre

Jumatatu, 10 Juni

Padre mpya atakitembelea kigango chetu hapa Isingiro Jumamosi na kulala nyumbani kwa muumini mmoja. Kamati ya mapokezi itakagua nyumba mbili Alhamisi: yangu na ya jirani yangu Clavery. Clavery! Nilimfundisha hesabu miaka mitatu, sehemu hakuzielewa hata moja, na leo ana bafu la marumaru. Mimi nina saruji. Tangu nistaafu ualimu hakuna anayesimama nikiingia mahali. Padre akilala kwangu, watasimama.

Dawa ninayo. Nimepanda bodaboda hadi Murongo, nikanunua kwa Abdulkarim tailizi za plastiki za kubandika. Nieleze zinavyofanya kazi: unabandua karatasi ya nyuma, unakuta gundi, unakandamiza sakafuni. Basi! Abdulkarim alirudia mara tatu kwamba sakafu iwe kavu na safi. Nilimwambia mimi nimekagua kucha za watoto miaka thelathini na minane.

Jumanne, 11 Juni

Safi! Nimepaka polishi nyekundu ya sakafu mikono miwili, tabaka juu ya tabaka, nikasugua hadi nikaona masharubu yangu. Mke wangu Speciose aliuliza kama Abdulkarim aliitaja polishi. Nilimfafanulia kwamba kuna usafi wa kawaida na usafi wa mgeni.

Nikabandika tailizi thelathini, nikianzia mlangoni. Mistari imenyooka kabisa. Rula ya ubaoni ni rula. Gundi ilihitaji saa mbili kutulia, nami nilikuwa nimeishia kona ya mwisho, kwa hiyo nilisubiri nimesimama ndani ya beseni. Speciose alinipitishia chai dirishani.

Jumatano, 12 Juni

Tailizi zinatembea! Speciose ametoka kuoga akafika nazo mbili jikoni, moja kila ndala. Anadai gundi imeshika polishi, na polishi haijashika kitu. Dhana ya kuvutia, ila hakusoma fizikia.

Kinachoshika nakijua: utomvu wa mgomba. Nani hapa kwetu hajawahi kuharibu shati kwa utomvu? Nimekata migomba mitatu, nikakinga utomvu kwenye kopo, nikaupaka chini ya kila tailizi. Clavery alipita, akatoa shikamoo kwa sauti ya kanisani, kisha akauliza kama rubisi yangu, pombe ya ndizi, itaiva kabla Padre hajafika. Shikamoo niliiitikia. Hilo lingine nililiacha lipite.

Alhamisi, 13 Juni

Maafa! Utomvu umekuwa mweusi na kutokeza kwenye kila ungio. Tailizi zimejikunja pembe. Nilipiga magoti kuzikandamiza. Mimi nikainuka, suruali ikabaki. Wakati huohuo kamati ikabisha hodi uani.

Nilikimbilia chumbani, nikamwomba Speciose aseme nina malaria. Akasema hadanganyi kwa ajili ya suruali. Akabeba mzigo wa nyasi alizomkatia ndama, akazitandaza bafu zima, nene, kama wazee walivyotandika kwenye nyumba za msonge. Nilichungulia. Mwenyekiti wa kamati, Mama Auleria, alivua viatu, akasimama juu ya nyasi, akazikanyagakanyaga. Mwishowe akasema hajakanyaga hivi tangu kwa bibi yake, na kwamba marumaru ya Clavery nusura yamvunje kiuno.

Padre ni wetu!

Jumapili, 16 Juni

Jana Padre alioga akatoka anazisifu nyasi. Leo kwenye mahubiri ameitaja nyumba iliyomtandikia. Kanisa zima liligeuka kunitazama. Mlangoni, wazee wawili wakasimama nilipopita! Niandike tena: wawili.

Kwenye matangazo niliinuka nikikusudia kushukuru tu. Nikajikuta nimejitolea kubandika tailizi sakristia nzima, chumba anachovalia Padre kanisani. Speciose alijifunika uso kwa kitenge. Clavery alipiga makofi, peke yake, muda mrefu.

Nimeshaikagua. Saruji nzuri, ila imefifia sana. Kesho naanza na polishi. Safari hii mikono mitatu.