Malalamiko Dhidi ya Mashine Yenye Kiti Kimoja

Ndugu Mhariri,
Gazeti la Wakulima, ukurasa wa zana.

KUHUSU: JEDWALI LENU LILILOMSAHAU MKE

Baada ya salamu na heshima zote unazostahili, na nyingine chache ambazo hustahili lakini nimekuongezea kwa kuwa nililelewa vizuri, naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni msomaji wenu wa kulazimishwa. Anayelinunua gazeti ni mume wangu. Mimi nalisoma kwa sababu tangu tustaafu na kuhamia shambani, ndilo linalozungumza kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba hii.

Nijitambulishe. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa. Niliwaunganisha madaktari na wodi, wodi na stoo, na ndugu wa wagonjwa na mtu yeyote aliyekubali kuinua mkono wa simu. Mume wangu alikuwa mpima ardhi. Kazi yake ilikuwa kuwatazama watu kwa mbali kupitia kioo kidogo na kuwaonyesha kwa mkono, kulia kidogo, kushoto kidogo, na kwa mtindo huo huo akanioa. Sasa tuna shamba letu: miti ya matunda kwenye mteremko, banda la ng'ombe lenye mlango mfupi, kisima, na njia ya kokoto ambayo kila mvua ikinyesha inahamia kwa jirani. Watoto wameoa na kuolewa. Tumebaki wawili, na jembe limetushinda. Tunahitaji mashine, na hapo ndipo mlipojiingiza nyinyi.

Toleo lililopita mlichapisha makala ndefu mkilinganisha kijiko kidogo na trekta dogo. Kwa wasomaji ambao nyumba zao bado ziko salama, nieleze. Kijiko kidogo ni ile mashine fupi na pana, yenye mikono miwili ya chuma na ndoo ya kuchotea mbele. Tairi zake hazikunji kona. Inageuka pale pale iliposimama, kama mtu aliyeitwa jina kwa nyuma. Dereva anapandia mbele, juu ya ndoo, anapenya katikati ya mikono, anajishushia chuma kifuani na kujifungia katika kizimba. Trekta dogo ni trekta, ila dogo.

Mkaweka na jedwali la rangi. Kuinua mizigo mizito: kijiko. Kulima na kukata nyasi: trekta. Kupita penye nafasi finyu: kijiko. Kutochimbua ua wa watu: trekta. Kisha, baada ya kututembeza kurasa zote hizo, mkahitimisha kwa hekima ya ajabu kwamba uchaguzi mzuri unategemea kazi ya msomaji. Hongereni sana. Mimi mtu angenipigia simu kuuliza mgonjwa wake yuko wodi gani, nikamjibu kwamba inategemea anaumwa nini, nisingemaliza wiki kazini.

Mume wangu alilisoma jedwali lile kwa unyenyekevu ambao hajawahi kuuonyesha kwa maandishi yangu yoyote. Akaamua: kijiko. Muuza mashine akatuachia kimoja cha majaribio, nacho kipo uani muda huu ninapoandika. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kina kiti kimoja. Nimekipima mwenyewe, mpima ardhi akiwa amelala mchana. Kinatosha mtu mmoja, na huyo mmoja awe hajashiba. Jedwali lenu lina safu ya uzito, safu ya mafuta, safu ya upana wa tairi na safu ya vipuri. Safu ya mke anakaa wapi haimo. Ndugu Mhariri, huna mke? Kama huna, pole, na makala sasa nimeielewa. Kama unaye, mpe aisome, kisha uniandikie alichokujibu.

Trekta lina madigadi, yale mabati yanayofunika tairi kubwa za nyuma. Msimu uliopita jirani alituazima trekta lake dogo kuandalia shamba, na karibu kila siku nilipanda nikakaa juu ya madigadi ya kushoto, nimeshika chuma cha taa. Najua mliandika kwa herufi nzito kwamba trekta halibebi abiria. Mimi si abiria, mimi ni mke wa ndoa.

2. Hili lingekuwa la kwanza, ila nilikuwa sijapoa. Mume wangu si msemaji. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi mshindo huo nausubiri tangu siku ya posa. Lakini juu ya trekta lile, jamani, mtu huyu aliongea! Macho mbele, mikono kwenye usukani, maneno yanamtoka. Aliniambia jinsi alivyokuwa akimwogopa baba yake. Aliniambia kwamba jina la mtoto wetu wa pili hakulipenda hata siku moja, ila aliona nimefurahi akanyamaza. Aliniambia kwamba siku aliyostaafu alikaa ndani ya gari nje ya ofisi mpaka mlinzi akaja kugonga kioo, kwa sababu hakujua akifika nyumbani atakuwa nani. Na kila akimaliza jambo, ananiuliza: wewe unaonaje? Au nasema uongo? Nikichelewa kujibu, anauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Mtu ambaye hajawahi kuniuliza kama chai imekolea! Nilikuwa nashuka jioni mgongo umekufa ganzi na moyo umejaa. Nilijiona nimeolewa upya.

Ndani ya kizimba cha kijiko hasikii hata radi. Nikimsemesha, anatabasamu na kuniinulia kidole gumba. Nilimwambia ng'ombe ametoka bandani: kidole gumba. Nilimwambia nyumba inaungua, hali haiungui, nilitaka tu kujua: kidole gumba, na kichwa akatikisa kwa kuridhika.

3. Kinageuka pale pale. Jambo hili mmelisifu mpaka mkaliwekea picha. Trekta likifika mwisho wa shamba, lazima lizunguke mbali, polepole. Siku ambazo sikupanda, nilikuwa naweka birika la chai kwenye ile kona. Akifika lazima apunguze mwendo, na akipunguza mwendo lazima aseme neno, hata kama neno lenyewe ni kwamba chai imepoa. Kijiko hakifiki kwenye kona. Kinageuza katikati ya safari na kurudi kilikotoka, na mimi nabaki na birika langu. Mnachokiita udhaifu wa trekta ndicho kinachoshikilia ndoa nyingi za mashambani, sema tu hamjatembea mkaona.

Na majani ya ua wetu, kwa kuwa mtauliza, hayapo. Kinavyogeuka ndivyo kinavyomenya ardhi. Mume wangu anasema yataota.

4. Kinamaliza kazi. Samadi ya banda tulikuwa tunaitoa kwa koleo na toroli, wiki nzima, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa upande wake, kwa hiyo la kuzungumza lilikuwepo. Kijiko kiliinamia ule mlango mfupi, kikageuka humo humo ndani, kikatoka, kikarudi, na kabla ya saa ya chakula banda lilikuwa jeupe. Nakiri hilo kwa uchungu. Mchana wote uliobaki tulikaa tukitazamana, na hapakuwa na hata kitu kimoja cha kulalamikia.

5. Hakimhitaji mtu. Trekta lina kile chuma cha nyuma kinachozunguka. Unakifunga na pampu ya maji, au na mashine ya kukatakata majani ya ng'ombe, na hapo lazima mmoja aangalie trekta na mwingine alishe majani. Huyo mwingine ni mimi. Kijiko ukitaka kuchimbia mashimo ya nguzo za uzio, unavua ndoo, unakivisha keekee, unachimba peke yako kama mjane. Binti yetu amesema kwa simu kwamba hilo ni jambo jema kwa umri wetu. Binti huyo nilimzaa mwenyewe, kwa uchungu wangu mwenyewe.

6. Mikono ikiwa juu, dereva hatoki. Ndivyo mlivyoandika, kwamba njia ya kutokea ipo mbele tu, chini ya mikono, na asijaribu kupita mpaka ameishusha. Hilo mmeliita usalama. Sehemu hiyo mume wangu ameielewa kuliko zote. Juzi alikuja dada yangu, yaani shemeji yake, na mazungumzo yake yale yale ya magoti. Mikono ya mashine ilikuwa juu tangu alipofika mpaka alipoaga. Nilipoenda kumwita ale, mume wangu alinionyesha ile mikono kwa masikitiko makubwa. Nikala na dada yangu na magoti yake.

Kwa hayo yote, Ndugu Mhariri, naomba kwa unyenyekevu mchapishe masahihisho, ukurasa wa mbele, kwamba mashine isiyo na mahali pa mke si zana ya shamba bali ni maficho. Naomba pia watengenezaji walazimishwe kuweka kiti cha pili, na wakikataa, waweke simu ya waya kutoka kizimbani hadi jikoni. Mimi nitaihudumia bure, ujuzi ninao. Mwanamume mwenye ndoa asiuziwe mashine ya kiti kimoja mpaka mkewe aridhie mbele ya mashahidi, kama anavyoombwa ridhaa mumewe akitaka kuongeza mke. Tena mke mwenza ningemstahi zaidi, maana angalau angenisemesha. Na kama yote hayo hayawezekani, basi uje wewe mwenyewe. Chumba tunacho. Utakuwa unakaa nami mezani jioni unaniambia mambo ya moyoni mwako na kuniuliza naonaje. Mazungumzo ya nyumba hii mmeyaondoa nyinyi, na aliyevunja ndiye anayelipa.

Nafanya mzaha kwa sababu kulia hakupendezi gazetini. Ukweli ni kwamba naogopa. Nimeishi na mtu huyu maisha yangu yote, nikampata msimu mmoja tu, juu ya trekta la kuazima. Sitaki ajifungie tena na mimi nibaki nje nikipungia mkono. Muuza mashine anakuja Jumatatu kuchukua jibu, na ndiyo maana nakuandikia kwa haraka.

Nisalimie wahariri wote, mpiga picha aliyekipiga kijiko kikiwa bado kisafi, wachapaji, wasambazaji, na yule aliyechora jedwali. Mwambie rangi amezipatia. Mume wangu naye angekusalimu, ila kwa sasa mikono iko juu.

Ni mimi, kwa heshima na hasira za uzito sawa,

Opereta wa Simu (mstaafu),
mke wa mpima ardhi.

TANBIHI: Kabla sijafunga bahasha nilimsomea mume wangu barua hii, kwa kuwa yeye ndiye anayekwenda posta, nami nilitaka ajue anabeba nini. Alicheka nilipofika kwa dada yangu. Tulipomaliza, akaniomba nirudie pale penye madigadi, na hapo hakucheka. Akasema msimu ule wote alikuwa halali vizuri. Tairi kubwa la nyuma lilikuwa linazunguka shubiri moja tu kutoka miguuni pangu, shamba lina mashimo, na yeye hawezi kugeuka kunitazama bila kupinda mstari. Kazini aliwahi kumwona mtu akianguka kutoka mahali kama pale. Alinisihi nishuke, nami nikamwambia asinifundishe kukaa. Nakumbuka nilimwambia. Basi akaamua aongee. Akasema lolote lililomjia, hata yale aliyokusudia kuzikwa nayo, kisha anauliza swali na kusubiri sauti yangu, apate kujua kwamba bado nipo juu na sijaanguka. Ndiyo sababu, mashine ya kununua, akachagua ambayo sina pa kupanda.

Malalamiko yote sita nayafuta, na chumba usikihesabie tena. Muuza mashine ataambiwa ndiyo. Asubuhi hii tumekunywa chai, yeye upande ule wa meza na mimi upande huu, kimya kama kawaida. Nikamwuliza mbona hasemi kitu. Akasema: ya nini, wakati nakuona?