Omena za Shemeji Githae

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kliniki, Thika. Vidole vimevimba tena. Asubuhi kikombe cha chai nakishika kwa viganja vyote viwili. Aibu! Aketch, msichana wa lishe, anasema ni baridi yabisi: mwili unajishambulia wenyewe kwenye viungo. Nimeze dawa bila kuruka. Nipunguze nyama nyekundu yenye mafuta. Nile protini ili misuli isikonde, hasa samaki na maharagwe, pamoja na mboga za majani. Mafuta ya samaki husaidia kutuliza uvimbe.

"Mzee, chakula kinasaidia dawa, hakichukui nafasi yake," akaniambia.

Protini nimesikia vizuri sana. Mbuzi ni protini. Tumeelewana.

Jumatano, 4 Juni
Ngurario ya Jackie, mpwa wangu, yaani harusi yake ya kimila, ni tarehe 28 huko Ruiru. Katika ukoo wetu mbuzi wa wazee hukatwa na mimi. Kila mtu hupata sehemu yake ya heshima, na hakuna anayenung'unika. Leo shemeji Githae, jirani yangu hapa mtaani Landless, ameniuliza kwa upole kama vidole vitaweza. Upole gani? Anakitaka kisu! Naye ana ugonjwa huu huu, kliniki ni moja. Nikikipoteza kisu, nitakuwa mzee wa kuketishwa pamoja na watoto.

Jumatatu, 9 Juni
Mke wangu Ngina amenifungia bakuli la omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, na maharagwe nile dukani kwangu. Nikalitazama. Likanitazama. Ndipo wazo likaja: mwanamume akilishwa hivi kila siku, si atalegea mikono? Nimempelekea Githae kama zawadi. Ameguswa, maskini. Mimi nikaenda buchani kula mbavu.

Jumanne, 17 Juni
Mpango unaenda sawa. Githae anamaliza kila bakuli na kulirudisha limeoshwa. Mimi ni supu ya kichwa, mbavu, matumbo. Dawa naruka siku moja moja, haziivani na supu. Vidole vimekuwa kama ndizi. Ngina anafurahi kuona bakuli tupu, ila anashangaa mbona uvimbe haupungui. Nimemwambia protini haina haraka.

Jumamosi, 28 Juni
Ruiru. Hema limejaa, wazee wamekaa tayari. Kisu kimeniponyoka. Nikakiokota, kikaniponyoka tena, na mguu wa mbuzi ukatua kwenye viatu vya baba wa bwana harusi. Githae akainuka, akachukua kisu, akakata vizuri mno. Mikono laini! Wazee wakamsifu. Mimi nikaketishwa pamoja na watoto, nikapewa sikio, ambalo kwetu ni la wasichana. Imeniuma sana, sikuweza hata kulitafuna.

Baadaye akaja kuketi karibu nami.

"Dawa za kliniki na omena zako zimenisaidia kweli, shemeji. Jumatatu utaleta?"

Jumapili, 29 Juni
Nimelifikiria jambo hili kanisani wakati wa mahubiri yote. Kosa nimeliona, na ni langu mwenyewe. Bakuli moja kwa siku! Mtu mzima kama Githae angelegeaje kwa bakuli moja?

Desemba kuna ngurario nyingine. Nimemwomba Ngina aanze kunifungia mabakuli mawili. Amefurahi hadi akanikumbatia.