Kituo cha Kughairi Kimefika Salama Ndani ya Boksi

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Ndugu Makamu Mwenyekiti wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Wakuu wa Vitengo, Wakuu wa Vitengo Vidogo, na Makaimu wa wote niliowataja, maana wenyewe wako semina. Mtunza Stoo, ambaye nitamtaja tena baadaye na sitamtaja kwa wema. Shemeji yangu, Mshauri Mwelekezi wa Manunuzi, ambaye uteuzi wake ulifuata taratibu zote, na pale palipokosekana taratibu ziliandikwa. Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe, Mkurugenzi wenu. Wananchi wanunuzi, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa niliyemruka, ajue nimemruka kwa heshima. (Makofi. Mshereheshaji anawapungia mkono waliokaa juani nao wapige.)

Najua kadi za mwaliko zilisema saa nne asubuhi, na najua sasa hivi ni saa tisa. Masaa hayo matano msiyaite kuchelewa. Kitaalamu yanaitwa kipindi cha kumwandaa mdau, ambapo mdau anakaa, anatulia, anamtazama mdau mwenzake, na kufikia Mgeni Rasmi anapowasili mdau ameshakuwa tayari kukubali jambo lolote alimradi aende nyumbani. (Kicheko kidogo. Mtoto analia, anatolewa nje.)

Ndugu wadau, tumekusanyika katika ua huu wa Idara kuzindua Kituo Kikuu cha Kughairi Manunuzi ya Mtandaoni. Mnaniona nimesimama mbele ya ukuta uliopakwa rangi mpya, wenye maandishi makubwa yasemayo KITUO KIMEFUNGULIWA, na mbele yangu ipo meza, na juu ya meza lipo boksi lililofungwa utepe mwekundu. Kituo kimo humo. Naam, msishangae. Dunia imekwenda dijitali, nasi hatukutaka kujenga kwa matofali kama babu zetu. Tuliingia sokoni mtandaoni, tukaangalia picha, tukachagua Kituo kizima kizima, chenye kaunta yake ya kukunjuliwa, kompyuta zake, sistimu yake, na juu ya yote muhuri wake, ambao bila huo hakuna mnunuzi yeyote katika eneo hili atakayeghairi chochote. (Makofi. Shemeji anainuka, anainama kidogo, anaketi.)

Sasa niwape takwimu, maana uongozi bila takwimu ni sawa na chai bila sukari. Katika mwaka uliopita Idara yangu ilipokea malalamiko sifuri kutoka kwa wanunuzi wa mtandaoni. Nasema sifuri. Wapo wabaya wetu wanaodai kwamba ni kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuyapeleka. Hao ni watu wa kuona doa kwenye shuka na kusahau shuka lenyewe. Tulifanya pia wokshopu kumi na moja za kujenga uwezo, nami nikajengewa uwezo katika zote kumi na moja, na ripoti zake zimefungwa vizuri sana, hazijaguswa hata kidogo. Kiwango cha kuridhika kwa wadau ni asilimia tisini na nane, na zile mbili zilizobaki ni Mtunza Stoo.

(Mama mmoja wa safu ya mbele, mwenye boksi mapajani na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, anasimama. "Mheshimiwa, samahani kukukatiza. Mimi ni fundi cherehani. Muhuri utaanza kugongwa saa ngapi? Siku yangu ya kumi na nne inaisha leo saa kumi.")

Mama fundi, swali zuri, na ni fidibaki ya aina hiyo hiyo tuliyoitarajia katika rodimapu yetu. Kaa, mama. Kwa faida ya wengine, hebu tuambie uliagiza nini.

("Niliagiza cherehani ya umeme. Nikaletewa hii." Anafungua boksi na kuinua picha ya cherehani, imewekwa kwenye fremu. Watu wanacheka, kisha wananyamaza wanapoona yeye hacheki. "Ile ya miguu nimeshaiuza ili ninunue hii. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, sare za watoto arobaini ziko mezani hazijashonwa, na wazazi wao wananipigia simu tangu asubuhi. Nimekuja hapa Idarani mara tatu. Kila nikija naambiwa subiri uzinduzi.")

Mmesikia? Mama huyu amesubiri. Mvumilivu hula mbivu. Kosa lake, na nalisema kwa upendo, ni kupenda picha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kibaya siku hizi kinajitembeza kwenye simu, usiku na mchana, kikiwa na nyota tano. Mnunuzi makini haanzi kufurahi kabla ya kufungua mzigo. Mnunuzi makini anafungua mzigo siku ile ile, anakagua, na kama ameuziwa mbuzi kwenye gunia anasema hapana. Hii ndiyo elimu tunayoitoa kwa umma, na niliitoa mimi mwenyewe redioni, mkinikumbuka, ile siku umeme ulipokatika.

Na sheria iko upande wenu. Nikisoma Kanuni za Kughairi, ambazo zimebandikwa pale ukutani kwenye korido, juu ya ndoo ya zimamoto, kifungu cha sita kinasema hivi, nanukuu: mnunuzi wa mtandaoni atakuwa na siku kumi na nne tangu siku aliyopokea mzigo kumwarifu muuzaji kwa maandishi kwamba ameghairi, wala hatalazimika kutoa sababu, na muuzaji akishaarifiwa atauchukua mzigo wake na kurudisha alicholipwa. Mwisho wa kunukuu. Lugha tamu namna hiyo mnadhani imejiandika yenyewe? Nilikuwepo kwenye kamati. Ile nukta na mkato ni mchango wangu. (Makofi.)

("Mheshimiwa," anasema mama fundi, bado amesimama, "hebu rudia hapo. Muhuri umetajwa wapi?")

Muhuri, mama, haujatajwa. Muhuri uko katika roho ya kifungu. Ofisi yangu ilipokisoma kifungu hiki iliona kina upungufu mmoja, kwamba mnunuzi anaweza kughairi akiwa amekaa zake nyumbani, kwa simu yake, bila ofisi kujua. Na ofisi isipojua, ofisi itakuwa inafanya nini? Ndipo tukatoa waraka kwamba maandishi yoyote ya kughairi lazima yagongwe muhuri wa Kituo. Na ndipo tukaagiza Kituo. Mnaona jinsi mambo yanavyofuatana? (Mtu mmoja tu, nyuma: "Tunaona.")

Nawasikia wengine mkinong'ona, kwamba boksi hili lilifika miezi kumi na moja iliyopita, mbona halijafunguliwa. Nilijibu hili kwenye vikao na nitalijibu hapa. Boksi la serikali halifunguliwi na mtu yeyote tu kama pakiti ya biskuti. Boksi la serikali lina Mgeni Rasmi. Mgeni Rasmi, kama mnavyojua, alikuwa kwenye zile wokshopu kumi na moja. Na hapa ndipo ninapomfikia Mtunza Stoo. Siku ya pili tu baada ya mzigo kufika, Mtunza Stoo alinifuata ofisini, akasimama mlangoni, akaniambia kwa kinywa kipana, "Bosi, tulifungue tuangalie, hili boksi jepesi mno kuwa na kaunta." Nikamuuliza, wewe na shemeji yangu nani mtaalamu wa manunuzi? Nikamwagiza asaini kwamba mzigo umepokelewa ukiwa kamili na katika hali nzuri. Akakataa. Nikasaini mimi. Haraka haraka haina baraka, na leo mbele yenu atapata jibu lake. Simama, Mtunza Stoo, wakuone. (Mtunza Stoo anasimama nyuma kabisa, mikono mfukoni.)

Basi, kwa mamlaka niliyopewa, na kwa mkasi huu ambao nao tumeuazima kwa mama fundi, ahsante mama, nakata utepe. (Makofi. Kengele inapigwa.) Naomba wapiga picha msogee. Nafungua. Kuna sponji. Kuna sponji nyingi, ishara ya mzigo wa thamani. Kuna kibandiko cha muuzaji, cha kijani.

("Na changu kina kibandiko hicho hicho," anasema mama fundi, na kugeuza boksi lake watu waone.)

Kuna. (Anaingiza mkono hadi kwapani.) Kuna fremu. (Shemeji anaangalia simu yake.) Ndugu wadau, ni picha. Ni picha ya Kituo, ile ile tuliyoiona mtandaoni, yenye kaunta na kompyuta, na muhuri unaonekana vizuri sana pale kushoto. (Kicheko kinaanzia safu ya nyuma na kuja mbele taratibu.) Naomba utulivu. Hili tulilitarajia. Projekti kubwa huenda kwa awamu, na awamu ya kwanza ya kitu chochote ni picha yake. Naomba mtu anitafutie msumari.

(Mama fundi hajacheka. Ameketi, ametoa simu, anaandika kwa kidole kimoja, midomo ikimfuata.)

Mama fundi, tafadhali, hotubani hatuchezi na simu.

("Sichezi, Mheshimiwa. Naghairi. Nimeandika: Mimi niliyepokea picha badala ya cherehani, nimeghairi, njooni mchukue mzigo wenu. Nimewapigia na picha ya hiyo picha." Anabonyeza. "Imekwenda. Bado dakika ishirini." Watu wamesimama kumwangalia. Simu inalia. Anaisoma kwanza peke yake, kisha kwa sauti: "Tumepokea ombi lako. Mzigo utachukuliwa kesho asubuhi na malipo yako yatarudishwa." Anajifuta macho na ncha ya kanga. "Wiki mbili nimekosa usingizi," anamwambia jirani yake, "kumbe ni mistari miwili.")

Makofi kwa mama fundi. Na makofi hayo hayo, wapendwa, mkae mkijua ni ya Kituo, kwa kuwa huyu ndiye mteja wetu wa kwanza, amehudumiwa hapa hapa uani kwetu, kwenye kiti chetu, chini ya maandishi yetu. Katibu, andika: mteja mmoja, aliyefanikiwa mmoja, asilimia mia kwa mia. Sijui ni Kituo gani kingine kilichowahi kufikisha kiwango hicho katika dakika kumi za mwanzo.

(Mtunza Stoo, kutoka nyuma: "Na sisi je, bosi? Tughairi?")

Mganga hajigangi, kijana. Kaa chini.

Ndugu wadau, jua limeanza kuinama na mwenye viti amekuja na lori lake. Tuhitimishe kwa kaulimbiu yetu, na naomba mnipokee kwa sauti. Nikisema mnunuzi, mseme ana haki. Mnunuzi. (Sauti tatu: "Ana haki.") Nikisema mzigo mbovu, mseme unarudi. Mzigo mbovu. ("Unarudi.") Nikisema Kituo, mseme kipo. Kituo. (Mtu mmoja tu: "Kiko ukutani.") Inatosha.

Shukrani. Namshukuru mwenye viti. Nampongeza fundi wa rangi aliyeupamba ukuta huu, ambao waliozunguka kutafuta choo wameshagundua kwamba nyuma yake hakuna chumba, ni ukuta tu. Nawashukuru wafanyakazi ishirini na wawili wa Kituo, ambao wamekuwa wakilipwa tangu mwaka jana na ambao siku moja, Mungu akipenda, tutawaajiri. Nawashukuru ninyi nyote mliokuja kushuhudia kitu ambacho jana hakikuwepo, leo hakipo, na ambacho bajeti ya mwaka ujao imekitengea fungu la ukarabati.

Na wewe, mama fundi, usiondoke kwanza. Mkasi wako huu hapa. Sasa nakuomba, siyo kama Mkurugenzi, kama mnunuzi mwenzako tu, zimeni hiyo maiki, ile meseji uliianzaje?

(Maiki haizimwi. Mama fundi anamwonyesha simu. "Unaanza hapa, Mheshimiwa. Ila kwanza useme, ninyi mzigo wenu huo, leo ni siku ya ngapi tangu muupokee?")

Ya mia tatu thelathini na nne, mama.

(Mama fundi anaanza kuhesabu kwa vidole, anafika kumi na nne, anaacha. "Pole, baba," anasema, anachukua mkasi wake, anabeba boksi lake, anaondoka.)