Ufunguo Mmoja, Maji ya Watu Wote

Jumatatu, 4 Agosti

App ya maji imegoma tena. Mteja akibonyeza kuagiza, seva inajibu 401, yaani haimjui ni nani. Watu wa Laini Saba, mtaa wetu hapa Kibera, wamerudia kumpigia simu Shangazi Sitelbanat, mwenye matangi na mikokoteni, na Shangazi anachukia simu. Amenipa mpaka Alhamisi. Nikishindwa, kazi yote inakwenda kwa Wangoi wa Kawangware, na tawi jipya la huko litapata meneja asiyeitwa Ilyas. Nilicheka kidogo. Mimi, kushindwa! Upande wa simu wote niliuandika mimi. Wangoi aliandika seva tu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata chanzo kabla ya chai ya saa nne. Kila oda hutanguliwa na heda, maneno machache yanayoiambia seva mteja ni nani na ufunguo wake ni upi. App yangu inapeleka heda bila ufunguo. Tupu kabisa! Wangoi ameniandikia kwamba ufunguo wa mteja unapotea simu inapozimwa na kuwashwa, niangalie hapo, dakika ishirini zinatosha. Nimemjibu kwa heshima kwamba mtu wa Kawangware hawezi kunifundisha simu za Kibera. Kanijibu, “Sawa.” Amekubali kushindwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeangalia pale aliposema Wangoi. Dakika nne hivi. Pana fujo kubwa, lakini fujo yenyewe niliiandika mimi, kwa hiyo ni ya kitaalamu na haiguswi ovyo. Nimepata njia ya mkato. Ufunguo wangu mwenyewe haujawahi kukataliwa na seva hata siku moja. Basi nimeuandika ndani ya heda moja kwa moja. Kufikia Ijumaa app mpya itakuwa imeingia kila simu Laini Saba, pamoja na ufunguo unaofanya kazi. Mstari mmoja tu! Nikaenda kula mandazi mapema.

Alhamisi, 7 Agosti

Ushindi! Nilisimama uani kwa Shangazi nikaagiza mtungi mmoja kwa simu yangu. Seva ikakubali. Omolo, msukuma mkokoteni wetu, akaufikisha mlangoni kwangu kwa dakika kumi na mbili. Huku kwetu nyumba hazina namba. Omolo husoma jina kwenye oda, na kila jina analijua mlango wake. Shangazi akasema mashallah. Kisha akanieleza kwamba Jumamosi Bi Hanan anamwoza binti yake Malika, na mitungi sitini ya wapishi itaagizwa kwa app, mbele ya wageni. Bi Hanan na Shangazi walisoma darasa moja na hawajaacha kushindana tangu hapo. Maji yakikosekana, Shangazi hatatembea tena mtaani. Nikamwambia aondoe shaka.

Ijumaa, 8 Agosti

Jambo la ajabu. Mitungi ishirini na mitatu mlangoni kwangu, na sijaagiza hata mmoja. Nilimuuliza Omolo. Akanijibu, “Boss, system imesema ni zako. Niweke wapi?” Nimefikiria sana na jibu ni moja: wateja wananishukuru. Maji nikayagawa kwa majirani. Mzee Oyoo wa chumba cha pili amefua mpaka mapazia. Shangazi alipiga simu kulalamika kwamba wateja hawajaletewa maji tangu asubuhi. Nikamwambia ni network. Nashuku pia mkono wa Wangoi.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa tatu nilikuwa kwa Bi Hanan, kanzu imepigwa pasi, tayari kupongezwa. Bi Hanan akabonyeza mbele ya wageni. Seva ikakubali! Wapishi wakawasha moto, nyama ikaanza kukaangwa. Saa nne, maji hakuna. Saa nne na nusu Omolo akanipigia, nami nikaweka spika ili wote wasikie habari njema. Akasema mitungi sitini iko mlangoni kwangu, njia imezibika, na kuna mama ana mtoto mgongoni anataka kupita. Shangazi alikuwa kando yangu. Sijawahi kuona uso ule. Malika akatoka na hina mbichi mikononi kuuliza kama wageni wake watakula. Hapo niliona aibu. Kweli kabisa, aibu hasa. Dakika tano nzima.

Shangazi akamwita Wangoi. Akafika, akafungulia laptop juu ya sufuria iliyopinduliwa, akamwonyesha Shangazi kwamba kwa seva, Laini Saba nzima ni mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Kisha akarekebisha palepale aliposema Jumanne. Dakika kumi na nane. Alisema ishirini, kwa hiyo hata yeye hukosea. Mimi na Omolo tukasomba maji kwa mkokoteni, mimi nikiwa na kanzu ileile, safari nne. Pilau ililiwa saa kumi. Bi Hanan alisimulia kila meza, na Shangazi alikula ameinama. Tawi la Kawangware amepewa Wangoi.

Jumapili, 10 Agosti

Shangazi ameniachia kuhudumia wateja waliosahau nenosiri. Nadhani ni cheo. Leo wamekuja kina mama watatu kutoka Gatwekera, mtaa wa jirani, wote wamesahau, wote wana haraka ya kwenda kanisani. Wangoi ameelekeza kila mmoja athibitishwe na apewe ufunguo wake upya. Kazi ya saa nzima! Nimewamaliza kwa dakika mbili, wote watatu kwa ufunguo mmoja. Wameondoka wakiniombea baraka.

Si ufunguo wangu, jamani. Makosa ya Jumamosi siwezi kuyarudia. Nimewapa wa Shangazi.