Nusu ya Kihispania

Jumatatu, 2 Julai 1956
Siku kubwa! Muhispania anakuja Jumamosi kupanda volkano yetu, Nyiragongo. Kifaransa hajui, hata kusalimia. Patron, mwenye hoteli, anatafuta mukalimani. Mimi, Barthélemy Hitimana, muuza vitambaa, nimejitolea palepale. Nikasema Kihispania ninakisema vizuri. Sasa kimebaki kitu kidogo tu: kujifunza.

Modeste naye amejitolea! Modeste, boyi wa pale hotelini, anayebeba supu na kidole ndani!

Jumanne, 3 Julai
Padri ana kitabu kimoja tu cha grameri ya Kihispania. Ametuazima sisi wawili, akatuambia tugawane kama Wakristo. Nimetii. Nimekipasua katikati! Mimi nusu ya mbele, Modeste nusu ya nyuma. Nani anajenga nyumba kuanzia paa? Modeste hakulalamika. Masikini.

Jumatano, 4 Julai
Ajabu! Kihispania ni Kiswahili kilichopotea njia. Meza ni mesa. Bendera ni bandera. Mvinyo ni vino. Nimecheka peke yangu mpaka mama akaja kunishika paji la uso.

Shida moja. Meza ni mwanamuke. Kitabu ni mwanaume. Nimeigeuza meza yetu juu chini. Sikuona kitu.

Tena wana "kuwa" mbili! Ya kwanza ni ya kudumu, ya pili ni ya kupita. Mimi ni mwerevu: ya kwanza. Modeste ni mwerevu: ya pili, na itapita upesi.

Alhamisi, 5 Julai
Léonie amekuja dukani kutafuta kitenge. Moyo wangu! Nilitaka kumwita jina tamu la Kihispania, lakini maneno matamu hayamo katika nusu yangu. Nikamwita "mi mesa". La kike ni la kike. Akauliza maana yake. Nikasema: malaika wangu. Akainama kwa haya. Akasema Jumapili atatembea kando ya ziwa na yule atakayekuwa mukalimani.

Ijumaa, 6 Julai
Mtihani mbele ya patron. Modeste alinong'ona maneno mawili matatu. Mimi nilipiga kelele ile "kuwa" ya kwanza kama litania: soy, eres, es, somos, sois, son! Patron hajui Kihispania, lakini sauti anaijua. Kazi ni yangu! Modeste atatufuata kupika chakula tu. Nimeruka ruka njiani mpaka kambi ya askari ya Katindo, sentineli wa mlangoni akanifokea.

Jumamosi, 7 Julai
Niandike upesi, kabla sijazimia kwa aibu.

Kibati, chini ya mlima. Muhispania, mutu mwema, macho mekundu, anashika kichwa. Ananiambia: "Estoy constipado." Nimeelewa! Neno zima! Ni constipé ya Kifaransa kabisa: tumbo limefunga. Nikakimbia kwa mama mmoja wa kijiji, nikaleta mafuta ya mbarika ya kufungua tumbo, kikombe kizima. Akanywa. Akasema gracias, asante.

Tukapanda. Baada ya muda mufupi Muhispania akaingia porini mbio. Akatoka. Akaingia tena. Wapagazi wakatua mizigo, wakakaa wakavuta tumbako. Kila mara alipotoka alipiga chafya, nami nikamweleza kwamba ni vumbi la volkano.

Modeste akatoa nusu yake mfukoni. Kumbe nusu ya nyuma ndiyo yenye maneno yote, A mpaka Z! Akasoma taratibu, kwa sauti, ili wapagazi wasikie.
"Constipado ni mutu wa mafua, ndugu yangu. Mafua ya pua."

Hatukufika juu. Tulimshusha mgeni kwa machela. Modeste alitembea kando yake akimfariji kwa neno moja moja. Patron amempa kazi yangu.

Jumapili, 8 Julai
Nilimngoja Léonie kando ya ziwa. Akaja. Na Modeste.
"We Barthélemy," akasema, "mimi ni meza? Naonekana na miguu minne?"
Nikamwambia meza ni kitu cha maana katika nyumba. Akaondoka akicheka, mkono ndani ya mkono wa Modeste.

Jumatatu, 9 Julai
Nimeamka mwepesi kama unyoya. Kosa halikuwa langu. Kosa ni la Wahispania, wanaoiba maneno ya Kifaransa na kuyatumia ovyo.

Halafu habari mpya! Muswedi anakuja mwezi ujao kupiga picha za ndege. Nimekimbia mpaka hoteli ya pili, kule ambako hawanijui, nikamwapia patron kwamba Kiswedi nimekinyonya kwa mama. Amenipa mkono!

Kesho nitauliza Uswedi iko upande gani.