Kisima cha Mlimani Nilichokaribia Kukigawa

Jamani, leo nimejiumbua. Tena nimejiumbua mwenyewe, kwenye kipaza sauti, nikiwa nimevaa joho.

Naandika haya mapema kabla hamjayapata kwa wengine, maana Bunda naijua. Mtu akipiga chafya sokoni asubuhi, jioni watu wa mtaa wa pili kule Manyamanyama wameshamzika. Bora nisimulie mimi. Mimi nilikuwepo. (Kuliko wote.)

Kwa msionijua: mimi ni diwani. Mpya. Leo kulikuwa na mkutano wa kawaida wa baraza la madiwani, na nilikwenda nikiwa na jambo moja tu moyoni, kisima cha Mtaa wa Mlimani. Mlimani iko kwenye kata yangu. Wanawake wa kule wanateremka mpaka kijitoni na ndoo, halafu wanapanda nayo kichwani katikati ya mawe. Kiangazi kilichopita Mama Nyangeta, huyu aliyeniongozea kampeni, aliteleza na ndoo yake. Mkono wa kushoto mpaka leo haunyooki vizuri. Siku naapishwa alinishika kwa ule wa kulia akaniambia, "Mwanangu, mimi sitaki soda. Nataka maji."

Kisima kilikuwa kimeshapangiwa Mlimani. Kilichobaki ni baraza kupitisha. Ndivyo nilivyojua mimi.

Nikajiandaa. Nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba zizini, wakati nakamua. Tuna ng'ombe mmoja mweusi, mkorofi, anapigaga mateke hata hujamgusa. Juzi alisimama kimya mpaka nikamaliza hotuba yote. Nikamwambia mume wangu, "Baba Bhoke, umeona? Imemwingia!"

Akasema, "Pengine ameshiba."

(Nimemsamehe. Siyo kila mtu anatambuaga kipaji kikiwa ndani ya nyumba yake.)

Halafu nikafanya jambo la pili, ambalo sasa ndilo linaloniuma. Nilikodi gari, Noah, nikapakia wanawake wa Mlimani, Mama Nyangeta akiwa mbele, ili waje wakae kwenye viti vya wageni wanione nikiwatetea. Njiani nikawapa maelekezo.

"Wageni hawaruhusiwi kuongea ndani ya ukumbi," nikawaambia. "Lakini vigelegele siyo kuongea. Mkisikia tu nimetaja Mlimani, pigeni."

"Tupige mpaka wapi?" akauliza Mama Nyangeta.

"Mpaka mwenyekiti agonge meza."

Tukaingia. Sala ikasaliwa, akidi ikatimia, taarifa zikaanza kusomwa. Joho lile, jamani! Aliyelishona alikuwa anafikiria nchi yenye barafu. Kabrasha la mkutano nilikuwa nalo, kubwa, limejaa taarifa za kamati zote. Nililitumia kujipepea.

Pembeni yangu anakaaga Mzee Masatu, diwani wa siku nyingi, mtu mpole, anajua kila kona ya ukumbi ule. Akaniinamia akanong'ona, "Mheshimiwa, jambo lako likifika, wahi. Ukichelewa kubonyeza kitufe, wataongea wengine mpaka muda uishe."

Nikashika ushauri huo kwa mikono miwili. Nikaweka kidole juu ya kitufe cha kipaza sauti, nikafumba macho, nikaanza kuipitia hotuba yangu kimoyomoyo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa anasoma taarifa yake kwa ile sauti ya kubembelezea mtoto. Mimi nilikuwa mbali kabisa. Nilikuwa nimefika pale kwenye aya ya mawe na ndoo, naisikia mwenyewe ilivyo tamu. Katikati ya utamu huo likanifikia neno "kisima kirefu." Likafuata "Mtaa wa Mlimani." Yakafuata maneno mengine mengi ambayo sikuyahitaji. Mwisho nikasikia, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kutoa hoja."

Nikabonyeza! Taa nyekundu ikawaka. Nikasimama kabla hata kiti hakijajua kama nimesimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "naunga mkono hoja hii kwa asilimia mia moja! Na kama kuna asilimia zimebaki stoo, zileteni, nazo naziunga mkono!"

Ukumbi ukacheka. Nikajisikia vizuri sana.

"Wananchi wa Mlimani wamelisubiri jambo hili kwa muda mrefu. Wamenituma niseme, wamekubali kwa moyo mweupe. Nawaomba wataalamu msikae nalo mezani. Hata kesho mitambo iwashwe! Na yeyote atakayetaka kulizuia, ajue atapambana na mimi!"

Makofi! Makofi ya kweli, siyo yale ya kukohoa. Anayepiga kuliko wote ni Mheshimiwa Magesa, diwani wa kata ya stendi, amesimama kabisa. Nikashangaa kidogo. Magesa ananipingaga hata nikimsalimia. Nikajiambia, hotuba nzuri inavunja mawe.

Lakini vigelegele sikusikia.

Nikatazama nyuma kwenye viti vya wageni. Wanawake wangu wamekaa kama waliopigwa picha. Nikadhani wamesahau. Nikarudia, "Nasema wananchi wa MLIMANI!"

Kimya.

Nikadhani wanamwogopa mwenyekiti. Basi nikainua mikono yote miwili, joho likapanuka, nikawaongoza kama mwalimu wa kwaya anavyowaingiza waimbaji wa sauti ya kwanza. (Naomba mnielewe. Niliwapungia, madiwani wote wakiniona.) Hakuna aliyefungua mdomo. Mama Nyangeta alikuwa ameshika shavu kwa ule mkono wake usionyooka, ananitazama kama mtu anayeangalia nyumba yake inaungua.

Nikakaa. Magesa akavuka ukumbi akaja kunishika mkono.

"Mheshimiwa, una moyo wa peke yako," akasema. Macho yamemlowa kabisa. "Mimi nisingeweza."

"Ni utumishi tu, Mheshimiwa," nikamjibu, nikirekebisha joho.

"Watu wangu wa stendi hawatakusahau."

Nikaliachia joho. "Wa stendi? Wanahusikaje?"

Kabla hajajibu, sauti ikatoka kwenye viti vya wageni, ikapita juu ya vichwa vya waheshimiwa wote bila msaada wa kipaza sauti.

"Wewe Mama Bhoke! Kisima chetu unampa nani?"

Mwenyekiti akagonga meza. "Wageni, kimya!" Mgambo wa mlangoni akapiga hatua mbili kumfuata Mama Nyangeta. Alipomwona usoni akarudi moja.

Nikamgeukia Mzee Masatu. Nikamuuliza kwa sauti ndogo sana, "Mzee wangu, ile hoja ilisemaje?"

Akanitazama kwa huruma. "Kwani wewe umeunga mkono nini?"

"Kisima kichimbwe Mlimani."

"Mama," akasema taratibu, kama daktari anayempa mtu habari ya ndugu yake, "kamati imependekeza kisima kiondolewe Mlimani, kipelekwe stendi. Wanasema gari la kuchimbia haliwezi kupanda kule kwako."

Jamani. Nilisikia joto limeanzia kwenye unyayo likapanda mpaka kwenye nywele. Nikarudisha maneno yangu mwenyewe kichwani, moja moja. Wamekubali kwa moyo mweupe. Hata kesho. Atakayezuia atapambana na mimi!

"Lakini mzee wangu, si uliniambia niwahi?"

"Nilikwambia uwahi. Sikukwambia usisikilize."

Ningeweza kukaa kimya nikasingizia malaria. Lakini nikamwona Mama Nyangeta anaokota mkoba wake sakafuni, taratibu, kama mtu anayeondoka msibani. Nikabonyeza kitufe tena.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kupinga hoja."

"Hoja ipi, Mheshimiwa?"

"Hii iliyopo mezani."

"Hii iliyoungwa mkono na nani?"

"Na mimi."

Ukumbi ulipasuka. Mwandishi wa habari aliyekuwa kona ya mbele alidondosha kamera. Mkurugenzi, mtu ambaye sijawahi kuona jino lake, aliinamia meza mabega yakimtikisika. Hata mgambo alitoka nje kwenda kumalizia kucheka huko. Mimi nimesimama pale katikati, joho limenibana, nasubiri wamalize. Hawakumaliza haraka.

Mwenyekiti akafuta macho. "Mheshimiwa, kanuni zetu zinasema mjumbe anachangia hoja mara moja tu. Wewe umeshachangia. Tena umechangia sana."

Wakacheka upya. Lakini mimi hapo woga uliniisha. Sijui ulikwenda wapi. Mtu ukishachekwa na ukumbi mzima, unabaki na nini cha kulinda?

"Sawa, Mheshimiwa Mwenyekiti. Sichangii. Naomba ufafanuzi. Ufafanuzi unaruhusiwa?"

Akamtazama mkurugenzi. Mkurugenzi akatikisa kichwa kukubali.

"Namuuliza mwenyekiti wa kamati. Hilo gari la kuchimbia, lilijaribu kupanda Mlimani likashindwa?"

Yule bwana akasimama. "Gari lenyewe bado halijaja, Mheshimiwa. Kamati ilikwenda kukagua. Tulisimama pale chini tukatazama."

"Mlitazama."

"Ndiyo."

"Hamkupanda."

"Kulikuwa na mawe, Mheshimiwa. Na tulikuwa tumevaa viatu vya ofisini."

Safari hii ukumbi ulicheka upande wangu. Raha yake msiombe.

"Basi naomba ufafanuzi mwingine. Msimu wa pamba, malori yanapandaga mpaka juu yakiwa matupu, yanashuka yamejaa. Hayo yanapitaga wapi?"

"Mheshimiwa," mwenyekiti wa baraza akanikatiza, "huo ni ufafanuzi au ni mchango?"

"Ni ufafanuzi wenye uchungu, Mheshimiwa Mwenyekiti. Wanawake wanaoteleza kwenye mawe hayo na ndoo kichwani, wale pale nyuma. Hawana viatu vya ofisini."

Nikakaa. Madiwani waligeuka kutazama viti vya wageni, na wanawake wangu wakawatazama wao. Mama Nyangeta alibaki tu ameukumbatia mkoba kifuani kwa ule mkono usionyooka.

Aliyebonyeza kitufe baada yangu ni Magesa. Nikajua nimekwisha. Watu wa stendi nao wana shida ya maji, siyo uongo, na yeye alikuwa na haki ya kunishikia maneno yangu. Alikuwa nayo yote, yamerekodiwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akaanza, "mimi kisima nakitaka. Nakitaka sana." Akanigeukia. "Lakini nikikichukua hivi, nitaonekana nimemwibia mtu aliyesinzia."

"Sikusinzia!" nikasema. (Kipaza sauti kilikuwa bado kimewaka.)

"Samahani. Aliyekuwa anatafakari. Naomba hoja irudi kwenye kamati. Wapande Mlimani, wafike juu kabisa. Gari likishindwa kweli, kisima kije stendi na nitakunywa maji yake bila wasiwasi. Na zaidi ya hapo," akageuka akatazama viti vya wageni, "nikikubali leo, mbele ya hawa akina mama mimi nitatokea mlango gani?"

Waliounga mkono walikuwa wengi. Mimi nilisubiri. Nikamuuliza Mzee Masatu, "Hii inasema irudi kwenye kamati, siyo?" Akasema ndiyo. Nikamwambia arudie. Akarudia. Ndipo nikainua mkono. Ikapita, na baraza likaagiza kamati ipande wiki ijayo, na mimi mwenye kata niwaongoze njia.

Ndipo vigelegele vikaja! Vimechelewa, lakini vilikuja vyote kwa pamoja. Mwenyekiti aligonga meza mpaka akachoka.

Nje nilimkuta Mama Nyangeta amesimama karibu na Noah. Nikajiandaa kutukanwa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. "Kwa hiyo ulitaka tushangilie wakati unatunyang'anya maji."

"Nisamehe, mama. Sikuwa nimesikia."

"Nilidhani wameshakununua. Moyo wangu ulianguka chini kabisa." Halafu midomo ikaanza kumtetemeka. "Lakini ile mikono, mwanangu..." Akainua mikono yake, mmoja umenyooka na mwingine umepinda, akawaongoza wenzake kama kwaya pale pale uani. Wale wanawake walicheka wakashikilia milango ya gari. Mmoja alikaa chini kabisa. Njia nzima ya kurudi mtu akinyamaza tu, mwingine anainua mikono, na wanaanza upya. Mimi nilikaa siti ya nyuma kabisa kama mzigo.

Kumbe yule mwandishi kamera yake haikuharibika, na video ya ile mikono imeshasambaa. Kabla sijavua joho, dada yangu amenipigia kutoka Musoma. Hakusema hata neno, ni kicheko tu mpaka salio likaisha. Shemeji yangu wa Butiama ameuliza kama naweza kwenda kuongoza kwaya ya kanisani kwao.

Kwa hiyo ndugu zangu, wenye kucheka chekeni leo mmalize. Wiki ijayo natangulia mbele kupanda Mlimani, nyuma yangu waheshimiwa na viatu vyao, na siku hiyo zamu ya kucheka ni yangu.