Kiti cha Mpiga Ngoma

Jumatatu, 11 Mei
Leo nimedhalilishwa na mizani. Nahodha Aukuso kanipandisha kwenye mizani ya mbata mbele ya wapiga makasia wote. Mshale ukazunguka, ukafika mwisho, ukatetemeka kama mtu anayetafuta mlango. Nikasema mizani imezeeka. Akasema imenunuliwa Krismasi.

Kisa chenyewe: mashua yetu ndefu ya mbio za Siku ya Uhuru ina kiti kimoja mbele, cha mpiga ngoma. Changu hicho, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Lakini mpiga ngoma hashiki kasia, asema nahodha, kwa hiyo kila kilo yake ni mzigo wa bure. Jumamosi ya wiki ijayo tutapimwa mimi na shemeji yangu Pouono, kaka wa mke wangu. Mwepesi ndiye atakayekaa mbele. Tena sote wawili tukimbie kutoka kanisani hadi mtoni na kurudi.

Pouono! Tumbo lake na langu ni mapacha, ila lake kalifunga mkanda. Mimi mwaka mmoja nilipiga ngoma hadi papa wakatufuata wakitikisa mapezi kwa mdundo. Savai'i nzima, kisiwa chetu chote, inajua. Walioona wamekufa, lakini inajua.

Pouono kacheka. Eti, "Shemeji, wewe baki ufukweni ukalie kisiwa, kisipeperuke."

Tutaonana.

Jumanne, 12 Mei
Nimeanza mbio. Jioni, katikati ya kijiji, watu wanione.

Kukimbia si kazi. Kazi ni adabu. Nyumba zetu hazina kuta, na kila nyumba kuna mzee kakaa. Huwezi kumpita mzee umesimama wima kama mnazi. Nikawa nakimbia nimeinama, "Samahani wazee, napita, samahani wazee," kama mtu aliyedondosha sindano.

Nyumba ya kwanza wakaniita: "Taualai! Njoo ule!" Nikasema niko mazoezini. Bibi mmoja akauliza kama mazoezi yamegombana na shelisheli. Nikaingia. Nyumba ya pili wakaniona natoka ya kwanza, wakakaa kimya wakinitazama. Ningewapita, ingekuwa vita. Nikaingia. Mbele kidogo nilikuwa nakimbia kwa kutembea na kutembea kwa kuegemea.

Mungu mkubwa, baragumu la sala ya jioni likalia. Likilia, kila mtu anakaa pale pale alipo, na vijana wa zamu wanasimama na fimbo kuzuia wapitaji. Nilikaa. Nadhani nilimshukuru Mungu kuliko waliokuwa wanasali.

Mke wangu Fuatino kaniuliza nimekimbilia wapi hadi kidevu kinang'aa mafuta ya nguruwe.

Jumatano, 13 Mei
Alfajiri, ufukweni, pushapu na wapiga makasia. Ile sehemu ya kushuka niliwashinda wote. Nikabaki huko huko chini kuwaonyesha mfano.

Mchana nikaamua kujenga misuli. Nina mfuko wa saruji ulionyeshewa ukawa jiwe. Nikauweka begani, nikatoka nao barabarani. Mke wa mchungaji akaniona. Akapiga vigelegele! Eti Mungu anibariki kwa kuleta jiwe la ukuta wa kanisa. Ningesemaje? Nikalibeba hadi kanisani. Mchungaji aliomba dua ndefu, nami bado nimelibeba.

Mgongo umegoma.

Alhamisi, 14 Mei
Nimelala kifudifudi nikifikiri. Akili yangu hufanya kazi vizuri mgongo ukiuma.

Hesabu ni hii. Si lazima mimi nipungue. Inatosha Pouono aongezeke!

Nikachimbua tanuri, nikapasha mawe, nikapika majani ya magimbi kwa tui zito, lile la kwanza. Nikamwambia Fuatino apeleke kwa kaka yake, kule juu kilimani. Kaniangalia. Kauliza tangu lini nampenda kaka yake. Nikasema damu ni damu. Kasema damu ni yake, si yangu. Lakini kabeba sinia, kapanda.

Karudi anahema kama mvukuto. Eti Pouono kala yote na kulamba sinia.

Naona kiti changu kinanisogelea.

Ijumaa, 15 Mei
Sikufikiria jambo moja. Sinia haliendi kwa mtu likarudi tupu.

Sieni, mke wa Pouono, kalirudisha na paja la nguruwe, magimbi, na samaki wa tui. Nikasema sili. Fuatino kashika kiuno. "Baba Moelagi, nikamwambie wifi yangu chakula chake kimekushinda?"

Nimekula. Kwa ajili ya amani ya ukoo.

Sasa heshima inanidai nirudishe kikubwa zaidi.

Jumatatu, 18 Mei
Vita vimepamba moto. Nilipeleka kuku wawili. Wamerudisha kamba wa mwambani na tambi za nyama ya kopo. Nikapeleka kichwa cha nguruwe. Kimekuja kiuno cha nguruwe.

Fuatino anapanda kilima asubuhi na jioni. Sasa haendi polepole, anasema chakula kinapoa. Nikamsikia anateremka mbio huku anaimba. Kanga yake ya kiunoni kaikunja mara ya pili, eti imekuwa pana. Nguo za siku hizi zinatanuka hovyo.

Mimi mazoezi nimeyahamishia kichwani. Nafumba macho, nakimbia hadi mtoni na kurudi. Sijachoka hata kidogo.

Alhamisi, 21 Mei
Nimempeleleza Pouono. Alikuwa kwenye kigogo cha mnazi ufukweni, anajaribu kuinuka. Nilifurahi hadi nikajaribu kucheka, nikashindwa. Tumbo halina nafasi.

Nikamuomba Fuatino awaambie kwa hekima kwamba tusitishe. Kasema wifi yake naye kamuomba hivyo hivyo, na wote wawili wamekubaliana hapana. Wanaume wameanzisha, wanaume wamalize.

Jumamosi, 23 Mei
Sijui niandikeje.

Akapanda Pouono. Mshale ukafika mwisho. Nikapanda mimi. Mshale ukafika mwisho, kitu kikalia ndani, *tii*, na haukurudi tena. Mmoja wa wapiga makasia akauliza kama tunagombea ngoma au nanga. Nahodha hakucheka. Akasema tukimbie.

Tukakimbia. Tukafika kwenye kivuli cha mshelisheli wa kwanza, tukatazamana, tukakaa. Pouono akasema, "Shemeji, ulinitia tui." Nikasema, "Nawe ulinitia nguruwe." Tukapeana mikono. Muungwana ni vitendo.

Hapo Fuatino akatupita mbio, katoka kilimani na sinia la mwisho kichwani. Akafika kwenye banda la mizani hata jasho hana. Nahodha akamuuliza katoka wapi. Akamwambia. Akamuuliza mara ngapi kwa siku. Akamwambia. Mizani imekufa, nahodha akampima kwa macho tu. Kisha akampa ngoma.

Jamani, huyu ndiye anayepigia kwaya ya kina mama kopo la biskuti kila Jumapili! Alipiga, na wapiga makasia wakaanza kuyumba walipo, bila makasia.

Nikasema mwanamke hajawahi kukaa pale. Nahodha akauliza ni sheria gani inakataza. Nikatafuta kichwani, sikuipata. Pouono akawa anapiga kelele, "Dada yangu huyo! Dada yangu!" Msaliti.

Nyumbani Fuatino kaniuliza kama nimeudhika. Nikasema hapana. Nikasema kidogo. Kasema tangu usichana alikuwa anakitazama kile kiti, na kila mwaka alikuwa ananiona mgongo tu.

 

Jumatatu, 1 Juni
WA KWANZA! Mashua yetu ilikata maji kama wembe! Fuatino mbele, mgongo wima, mdundo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nililia. Chumvi ya bahari.

Nimewaeleza watu wote ufukweni kwamba kocha ni mimi. Kwamba nilimfundisha kwa siri, kwa mlima na uzito wa kichwani, mbinu niliyoibuni mwenyewe. Pouono kadai nusu ya ukocha kwa kuwa kilima ni chake. Tumezozana hadi nyama zikapoa. Fuatino kapita na taji lake la maua, katuambia tusogee, tumezuia njia.

Lakini nimekaa nimeyapima mambo yote, na ukweli nimeuona. Kosa si la tumbo. Mashua ni nyembamba!

Nimemfuata fundi leo leo. Nimemchorea mchangani mashua ya mwakani: pana, na viti viwili mbele, changu kushoto na cha Pouono kulia, isije ikalala upande. Fundi kaitazama muda mrefu. Kauliza kama itakwenda.

Nikamwambia hilo awaulize wapiga makasia.